Nani Alete Kuku wa Mama

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kwa Mwanachama Muuguzi,

Salamu. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri wangu kila ninapopanda ngazi.

Nakuandikia kama katibu wa chama chetu cha Sahani Sita. Mlo wetu wa mwaka wa kumi utakuwa Jumamosi tarehe 29, saa moja jioni, nyumbani kwa Fundi Cherehani, kwa kuwa ndiye mwenye meza ndefu ya kukatia vitambaa. Mada tuliyoipitisha ni "Chungu cha Mama". Kila mmoja ataleta sahani ambayo mama yake alikuwa akiipika, na kabla ya watu kuanza kula atasimama aeleze ni ya nani na yeye aliipataje. Kura yako ya mbali nimeihesabu kuwa ndiyo, maana najua usingepinga.

Nakukumbusha kanuni mbili usije ukasema hukuambiwa. Ya kwanza, sahani haijirudii. Anayewahi kuandikwa kwenye orodha ndiye mwenyewe, wengine watafute nyingine. Hatujasahau mwaka ule tulipokaa watu sita mbele ya mabakuli matano ya viazi vya kuponda. Ya pili, mambo ya chama ni kwa maandishi, si kwa simu, tangu Kinyozi alipoikana mbele yetu sote ahadi ya keki aliyoitoa kwa simu. Barua zipitie ofisi ya mizigo ya stendi ya mabasi kama kawaida, zinafika kesho yake.

Orodha hadi leo: Fundi, supu ya dengu. Kinyozi, saladi ya kabichi. Mwalimu wa Hesabu, samaki wa kukaanga. Mimi, mayai ya kuchemsha, na sitaki maneno. Wifi yako Dobi, kuku wa ndimu wa chungu cha kuzibwa kwa unga. Imebaki nafasi yako.

Wako katika mapishi,
Karani (mstaafu), Katibu

*

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mzee Karani, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye korido ya wodi. Nilipofika kwenye orodha nikakaa kwenye kiti cha kwanza nilichokiona, nacho kilikuwa kiti cha magurudumu cha mgonjwa wa kitanda namba tisa. Akaniuliza kama nimepata nafuu.

Sijapata. Kuku wa ndimu wa chungu cha kuzibwa ni wa mama yangu. Wewe umemla zaidi ya mara ishirini, Mzee, na mara zote ulirudia. Unajua jinsi alivyokuwa akikanda unga, akauviringisha kama kamba, akauzungusha kwenye ukingo wa chungu ili mvuke usitoroke, na jinsi alivyokuwa akiuvunja mezani kwa mpini wa kisu mbele yetu sote. Sasa nieleze mtu anawezaje kuja na miguu yake miwili, akaandikisha hicho chungu kuwa cha mama yake, wakati mama yake yu hai, ana afya, na anapika maharage mazuri tu. Alete maharage.

Nakuomba unielewe, si suala la tumbo. Mama alipofariki mwezi wa kwanza nilisafiri mchana kutwa na gari likaharibika njiani. Nilifika watu wanakunja viti. Kila mtu alikuwa ameshasema lake juu ya mama yangu, mpaka jirani aliyegombana naye miaka mitano kwa ajili ya mfereji, isipokuwa mimi. Sikusema hata neno moja. Kwa hiyo nilipoona mada yenu nilijua hapo ndipo nitakaposimama. Nimeomba ruhusa kazini, nimebadilishana zamu na watu watatu, mmoja wao simpendi. Halafu ninakuta nafasi imekaliwa na mke wa kaka yangu.

Na nisamehe nikisema waziwazi: kila mtu anajua nani anakupigia pasi mashati yako. Futa jina lake, uandike langu.

Binti yako,
Muuguzi

*

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kwa Mwanachama Muuguzi,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa na miiba.

Nimefanya kazi mahakamani miaka thelathini na moja. Nimetupiwa kila neno ambalo watu wenye hasira hutupiana, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimenunuliwa kwa pasi. Mashati yangu nayalipia kama mteja mwingine yeyote, na kola huwa anaziacha na mikunjo. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu.

Dobi alikuja tarehe mosi, saa mbili asubuhi, kabla sijamaliza hata kubandika karatasi ukutani, akasema andika. Nikaandika. Kanuni ndiyo kanuni. Hata hivyo, kwa kuwa sina roho ya chuma, baada ya barua yako nilikwenda kwake nikamkuta kwenye mvuke wa pasi, nikamweleza kilio chako, nikamwomba afikirie maharage. Hakuinua kichwa. Alisema hivi, nami nakunukuu: "Mwambie nimempika huyo kuku mara nyingi kuliko yeye." Nikamuuliza maana yake nini, akanikabidhi mashati yangu, akafungua mlango.

Siwezi kufuta. Malizaneni wenyewe, ni watu wa nyumba moja.

Karani (mstaafu), Katibu

*

Jumanne, tarehe 11 Juni

Wifi,

Simu yako nimeizuia na nitaendelea kuizuia, maana nikisikia sauti yako nitasema maneno ambayo kaka yangu atayasikia akiwa kwenye lori lake barabarani. Kwa barua angalau nalazimika kutafuta peni, na hasira inapungua kidogo.

Umempika mara nyingi kuliko mimi. Sawa. Hata mpishi wa hospitali yetu amepika uji mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani, na bado hakuna anayesema uji ni wa mama yake. Wewe uliolewa ndani ya nyumba ile, Wifi. Ulikaribishwa, ukapewa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa ili kamba zako za kuanikia ziwe karibu, na mama yangu hakukuita mkwe hata siku moja. Nilidhani hayo yanatosha. Kumbe ulikuwa unapima ukubwa wa chungu.

Basi nikuulize, kwa kuwa wewe ndiye bingwa. Ndani ya yule kuku kunaingia nini, mbali na ndimu, vitunguu na kitunguu saumu? Watu wote wanajua hayo. Mimi najua kilichobaki. Zabibu kavu, kiganja kimoja, zinatiwa chini kabisa ili zivimbe kwa mchuzi. Ule utamu mdogo unaokuja mwishoni ukishadhani umemaliza kuonja, ndio mkono wa Mama. Agosti iliyopita nilipokuja likizo alinipikia, nikala mpaka nikaona haya. Nilimwambia pale mezani, na wewe ulikuwepo umeshika jagi la maji, kwamba miaka yote ile hakuwahi kumpika vizuri hivyo. Alicheka kama msichana. Hicho ndicho nilichobaki nacho, na hicho ndicho unachotaka kukibeba ukakiweke mezani kwa Fundi kwa jina lako.

Nimemwandikia kaka anitumie daftari la mapishi la Mama. Ni la kwangu, mimi ndiye mtoto wa kike. Nitalisoma, nitapika neno kwa neno, na tarehe 29 nitaingia na chungu changu. Karani akitaka anifukuze mbele ya watu.

Wifi yako, kwa sasa,
Muuguzi

*

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Wifi,

Nimekusoma. Mashine ya kufulia ya hoteli imeharibika na wameniletea mashuka yao yote, kwa hiyo sina muda wa kupambana nawe kwa ufasaha.

Sifuti jina langu.

Ninayo sababu, na siwezi kuisema, kwa kuwa niliapishwa. Sikuapishwa na kaka yako. Ukitaka kunitukana nitukane, nimeshazoea kupokea vya watu vilivyochafuka.

Nakuomba mambo mawili tu. La kwanza, achana na daftari. Halitakusaidia kitu, lina kurasa zilizolowa na maandishi yamefutika. La pili, kama kweli unataka kuzungumza siku ile juu ya Mama, simama uzungumze juu ya chochote kingine, nguo zake, ukali wake, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya. Hilo la zabibu liache, usilitaje mbele ya watu. Nakuomba kwa heshima.

Kaka yako yuko safarini mpaka Jumapili.

Dobi

*

Jumanne, tarehe 18 Juni

Dobi,

Kaka aliliweka daftari kwenye basi Alhamisi, kabla hajaondoka, na kabla wewe hujaniandikia kwamba limelowa. Halijalowa hata ukurasa mmoja.

Nilianza mwanzo, kwa mwandiko wa Mama, ule unaolalia kulia. Kuku wa ndimu yuko ukurasa wa nne. Ndimu, vitunguu, kitunguu saumu, chumvi, unga wa kuzibia. Hakuna zabibu. Nikageuza nyuma na mbele nikidhani aliziongeza baadaye. Hakuna. Halafu nikafika kurasa za mwisho nikakuta mwandiko wako.

Nakuandikia hapa ulichokiandika, ili usije ukaniambia nimeota.

"12 Machi. Mama katia chumvi mara tatu. Nimemwaga, nimeanza upya. Hajajua."

"4 Aprili. Kaniuliza kuku anaingia na manyoya yake au bila. Nikasema bila, Mama. Kasema ahsante, binti."

"30 Mei. Nimemkuta nje na kanga moja, anamtafuta mama yake."

"9 Julai. Hataki chakula kisicho na utamu, siku ya tatu leo. Nimejaribu zabibu kavu chini ya kuku. Kala sahani mbili."

"17 Agosti. Binti yake kafika. Nimepika mimi, yeye kakaa jikoni kwenye kigoda. Chungu kakipeleka mezani mwenyewe. Kasifiwa. Kafurahi sana leo."

Niliyasoma hayo kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikasoma tena, na mwenzangu alipoingia nilimwambia nina vumbi machoni. Kwa hiyo mkono niliousifu ni wa kwako. Mimi nimekaa wiki nzima nikikufundisha wewe kitu ulichokibuni wewe. Mmenicheka sana, bila shaka.

Lakini hilo la kuchekwa naliweka kando. Mama yangu alikuwa anapotea akili mwaka mzima, na ninyi watu wawili, wewe na kaka, mlikaa mkanificha. Kila nilipopiga simu mlisema amelala, yuko sokoni, koo linamuuma. Mimi ni muuguzi, Dobi. Wodi yetu ina wazee wanane wenye ugonjwa huohuo. Nawalisha, nawachana nywele, nawajibu swali moja mara arobaini bila kukunja uso, watoto wa watu wengine ndio wanaopumzika kwa sababu ya mikono yangu. Na mama yangu mwenyewe alikuwa anapotea, nami nasikia kwamba koo linamuuma. Nani aliwapa haki hiyo? Mngeniambia ningeacha kila kitu siku hiyohiyo. Mwaka wake wa mwisho ulikuwa wangu, mkaula wote peke yenu, na bado mnataka na chungu.

Sitakuja tarehe 29. Kula kuku wako.

Muuguzi

*

Ijumaa, tarehe 21 Juni

Wifi,

Sasa umeshasoma, kiapo kimevunjika chenyewe, nami nitasema. Mashuka ya hoteli yatasubiri.

Aliyeniapisha ni Mama. Ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa pili, siku ambayo akili yake ilikuwa imetulia kabisa. Alikuwa ametoka kwa daktari na kaka yako, anajua kila kitu. Alikaa kwenye kapu langu la nguo, akanishika mkono nikiwa nimeshika pasi ya moto, akasema: "Yule akijua ataacha kazi arudi kunifutia mate. Sikumsomesha kwa ajili hiyo. Niapie." Nilikuwa na pasi mkononi, ningefanya nini? Nikaapa. Kaka yako alikubali shingo upande, na ndiyo maana safari zake zikawa ndefu, hakuweza kukaa akakudanganya kwa simu. Kazi ya kudanganya akaniachia mimi pamoja na nyingine zote.

Unasema tuliula mwaka wake wa mwisho. Ngoja nikuambie ulikuwa na ladha gani. Nimefua mashuka yake kila siku asubuhi kabla ya kugusa ya wateja. Nimepoteza wateja wanne kwa sababu aliingia kwenye nguo zao safi akazikata kwa mkasi akitafuta mifuko. Nimeitwa mwizi mbele ya majirani, nimepigwa na mwiko, na jioni yake nimeitwa mama. Nilifunga mlango kwa ufunguo nilipokwenda dukani, nikakimbia kwenda na kurudi kama kibaka. Mimi sikupewa zamu, Wifi. Wewe ukimaliza saa zako nane kuna mtu anakuja, unavua sare, unaenda kulala.

Kwa nini nilijiandikisha kwa Karani saa mbili asubuhi? Kwa sababu mada ilisema kila mtu asimame aeleze aliipataje. Nikajua wewe utamsimamia kuku wa ukurasa wa nne, Mama hodari, Mama anayevunja unga kwa kisu. Utakuwa mkweli. Lakini yule wa mwisho, aliyekuwa anauliza kuhusu manyoya, hakuna atakayesimama kwa ajili yake. Alikuwa mtu pia. Nilimjua mimi peke yangu, na nilimpenda zaidi kuliko yule wa kwanza, maana yule wa kwanza alikuwa ananiogopesha. Sikutaka kusema ugonjwa wake. Nilitaka kusimama tu, niseme kuku huyu nimempika na Mama, nikae.

Na sasa kuhusu wewe. Umeandika kwa uchungu kwamba una wazee wanane na unaijua kazi hiyo. Basi niambie. Agosti ulikaa naye siku nne. Ulikula naye meza moja, ulilala naye chumba kimoja, ulimtazama usoni kwa karibu kuliko daktari. Ukasema umeitwa hospitali ghafla, ukapanda basi siku moja kabla ya likizo yako kwisha. Muuguzi mzima, hukuona?

Dobi

*

Jumapili, tarehe 23 Juni

Kwa Wanachama Muuguzi na Dobi, nakala kwa kila mmoja,

Nilistaafu mahakamani ili nisisikilize kesi tena. Sasa kila siku nikipita stendi, karani wa mizigo ananiuliza kama akina mama wawili wa bahasha nene wameshapatana. Mnaniaibisha mbele ya watu wa stendi.

Mmoja kaniandikia haji. Mwingine kaniambia mlangoni kwamba naye pengine haji, bila hata kuniandikia, kinyume cha kanuni. Fundi ameshaanza kusema atanunua kuku wa dukani azibe pengo. Nimemwambia nitajiuzulu kwanza. Kinyozi anapendekeza tubadili mada iwe "Vitafunio", na Mwalimu amekokotoa kwamba tukibaki wanne kila mtu atakula mayai yangu mawili na nusu.

Miaka kumi tumekula pamoja. Mama yenu, nasema yenu na sitabishana na mtu, alitulisha tulipokuwa hatuna hata meza. Sijui mmeandikiana nini na sitaki kujua. Nataka idadi ya viti kufikia Alhamisi, kwa maandishi.

Karani (mstaafu), Katibu, aliyechoka

*

Jumanne, tarehe 25 Juni

Wifi,

Swali lako nimelibeba siku tatu kwenye mfuko wa sare. Nimeanza kukujibu mara nyingi, na kila mara nilianza kwa kukufokea, kwa sababu kufoka nakujua vizuri. Nilikuandikia kwamba siku nne ni chache. Nikakuandikia kwamba mlimvalisha vizuri, mlimkalisha pazuri, mlinifunga macho. Nikachana.

Niliona.

Ilikuwa siku ya nne, asubuhi. Ulikuwa nje unaanika. Tulikuwa mezani, mimi na yeye, nami nilikuwa nimempakia siagi kwenye mkate. Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyechelewa kurudi kwao, akaniuliza, "Wewe binti, mama yako anajua kama uko huku?"

Nikamjibu, "Anajua, Mama." Akasema vizuri, akala mkate wake.

Nilijua ni nini. Nilijua pale pale, kabla hajameza. Swali hilo naulizwa wodini kila wiki, na huwa najua la kufanya: unakaa chini, unamshika mkono, unamwambia jina lako taratibu, unamwita ndugu pembeni unamweleza. Sikufanya hata moja. Niliosha vikombe. Nikaingia chumbani nikakunja nguo zangu, na mchana nikawaambia nimeitwa kazini. Sikuitwa. Hakuna aliyenipigia. Nilipofika mjini huku nilikuwa na siku nzima ya likizo, nikaimaliza nimekaa chumbani na viatu miguuni.

Nilijiambia umri. Nilijiambia hakulala vizuri. Halafu mliponiambia kwa simu kwamba koo linamuuma, nilishukuru, Wifi. Nilikata simu nikashukuru kwamba mnanidanganya vizuri hivyo. Nilikuwa naogopa siku mtakayosema kweli, maana ningelazimika kurudi, na sikutaka kuulizwa tena swali lile na mama yangu.

Kwa hiyo hasira zote ulizozipokea, za Karani, za orodha, za zabibu, sijui nilikuwa namkasirikia nani. Najua. Basi.

Kuku ni wako. Simama uwaambie ulichotaka kuwaambia. Mimi sina haki hata ya kukaa kwenye kiti. Lakini kama bado kuna mtu ananitaka pale, andika, barua ipande basi la Jumatano. Usipoandika nitaelewa, na sitakulaumu.

Muuguzi

*

Jumatano, tarehe 26 Juni

Wifi,

Nilijua uliona. Sikuwa naanika, nilikuwa nyuma ya pazia na kapu mkononi, nikasikia swali na nikasikia jibu lako. Nikangoja uje unitafute. Nilingoja mpaka mchana, nikakuona unakuja na begi.

Nimekukasirikia tangu siku ile. Hata jana nilikukasirikia, na leo nimeisoma barua yako nikalia kidogo, nikakukasirikia tena. Sijui itaisha lini, usinibembeleze. Lakini lile jibu lako nimelitumia baadaye, ujue. Kila aliponiuliza nami kama mama yangu anajua niko wapi, nilimwambia anajua, Mama. Alikuwa anatulia papo hapo. Sikuwa nimepata jibu jingine linalofanya kazi.

Nimekwenda kwa Karani nikamwambia aandike majina mawili kwenye kuku. Akasema kanuni inataka jina moja kwa sahani moja. Nikamwambia mashati yake manane yako kwangu, na mkaa wa pasi umeniishia. Ameandika, ila ameongeza chini kwamba ameandika kwa kushurutishwa.

Wewe utasimama umseme Mama wa ukurasa wa nne. Nikimaliza kukusikiliza nitasimama mimi nimseme wa mwisho. Kama utalia, lia, ila usikimbilie kuosha vikombe.

Usingoje Jumamosi. Panda basi la kwanza Ijumaa. Kuku ni watatu, na safari hii siwanyonyoi peke yangu.

Dobi